Kitabu cha Bibi: Shajara ya Mradi wa Familia

Mfunguo Mosi

Kazi hii ilianza rasmi baada ya hitma ya arobaini ya Bibi, pale wazee wa ukoo walipokubaliana kwamba maisha yake yaandikwe kitabu kitakachobaki katika familia, nami nikapewa jukumu la kukusanya, kunukuu na kupanga. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa kwa watoto wa Bibi walio hai, aliweka sharti moja, na nimelinakili kama alivyolitamka: "Usije ukaandika kwamba mama alikuwa na upendo, ukaishia hapo. Andika alichokifanya." Nimelipokea sharti hilo kwa moyo wote, kwa sababu siku za msiba nilisikia maneno mema mengi ambayo yangeweza kusemwa juu ya marehemu yeyote: mpole, mkarimu, mcha Mungu, mama wa wote. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mtoto atakayezaliwa miaka ishirini ijayo hatamjua Bibi kwa hayo. Atamjua akielezwa alikuwa akiamka saa ngapi, alipika nini mwaka wa njaa, na fedha za kuwasomesha watoto asiowazaa zilitoka wapi.

Bibi aliishi maisha yake yote wilayani Korogwe, ndani na pembezoni mwa mashamba ya mkonge, na historia ya zao hilo imeandikwa sana. Inajulikana kwamba Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na kwamba iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Inajulikana pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na kuongoza duniani. Wakataji waliletwa kutoka mbali wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na kila mmoja akapewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini za kazi, zikawa zinatiwa alama moja baada ya nyingine. Wake zao na mama zao hawakuandikwa popote. Baba yake Bibi, kaka zake na mumewe wote walikula kutoka mkononi mwake ndipo wakaenda kukata mkonge, lakini mtu akifungua nyaraka za mashamba za miaka hiyo hatamwona. Ndiyo maana naamini kwamba kitabu hiki hakitakuwa pambo la sebuleni tu.

Mfunguo Pili

Mwezi huu nimeutumia kutafuta mwaka wa kuzaliwa. Kadi ya mpiga kura ya Bibi ina mwaka mmoja, kadi ya kliniki ina mwingine, na yote miwili ilikadiriwa na makarani waliomtazama uso tu. Nilikwenda kwa Babu mdogo, ambaye yeye na Bibi waliachiana ziwa, na ambaye sasa ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa mama yao.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na hicho kinasa sauti chako?"

"Nimekuja nacho, Babu, kama utaniruhusu. Nataka kujua Bibi alizaliwa lini."

"Mwaka siujui. Mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa. Najua alivyotuhadithia mama, kwamba siku yule Mdachi wa shamba alipochukuliwa na askari, mama alikuwa uwanjani na dada yako huyo mgongoni, hata kutambaa hajaanza."

Babu anamwita Bibi "dada yako" kwa utani wa babu na mjukuu, na nimeacha neno hilo katika nakala kama lilivyo. Kuhusu tarehe, maelezo yake yanatupa msingi mzuri kuliko kadi zote mbili. Wajerumani wenye mashamba Tanganyika walikamatwa Septemba 1939, mara vita vilipotangazwa, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Mtoto ambaye wakati huo hajaanza kutambaa atakuwa alizaliwa katika miezi ya katikati ya mwaka huohuo. Kitabuni tutaandika "yapata mwaka 1939", na tutaeleza tulivyofikia hapo, ili atakayepata ushahidi bora aweze kusahihisha.

Babu mdogo alieleza pia safari ya baba yao kutoka Buha. Alipanda gari moshi la Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Morogoro, na kutoka hapo ikabidi atembee, kwa kuwa Reli ya Kati na ile ya Tanga hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963. Katika safari hiyo ya miguu, jina analokumbuka Babu kulisikia mara kwa mara ni Handeni, na daima lilitajwa pamoja na kiu. Alikusudia kumaliza kipande kadhaa, akusanye fedha za mahari, arudi kwao. Hakurudi. Alioa Korogwe, akasilimu, akazikwa kwenye makaburi yaleyale ambako tumemzika Bibi.

Mfunguo Tatu

Ndugu wengi walikuja kwa ajili ya sikukuu ya kuchinja, nami nikaitumia nafasi hiyo kuchora ramani ya kambi kama ilivyokuwa miaka ya 1960. Wazee watatu walikaa barazani na karatasi kubwa, wakabishana kwa utulivu kuhusu mahali pa bomba la maji, na mwishowe wakakubaliana kuhusu kila nyumba. Ramani hiyo sasa imeshachorwa upya kwa wino.

Kwa ajili ya wasomaji wadogo, ambao hawajawahi kuona korona ikifanya kazi, nimeandika maelezo mafupi ya mkonge wenyewe. Majani hukatwa kwa mkono, hufungwa mafungu, kisha hupelekwa kwenye korona, ambayo huyaponda na kuyakwangua huku maji mengi yakipita, mpaka zibaki singa. Singa ni kama kilo nne tu katika kila kilo mia za majani. Baada ya hapo huanikwa juani kwenye nyaya, zikauke na kuwa nyeupe, ndipo zipigwe brashi na kufungwa robota. Bibi alipata kazi ya kuanika singa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa mara ya kwanza akawa na mshahara wake mwenyewe, ingawa mdogo. Singa mbichi bado zina utomvu unaowasha, na Shangazi anakumbuka kwamba jioni mama yake alikuwa akipaka mikono mafuta ya nazi kabla hajagusa unga au mtoto.

Siku yake tumeipanga kwa kulinganisha ushuhuda wa watoto wanne. Alikuwa macho kabla ya adhana ya alfajiri, akachota maji kabla foleni ya bomba haijaanza, akakaanga maandazi ya kuuza na kuwaachia watoto uji, kisha akaenda kwenye kazi ya kuanika. Alasiri alikuwa shambani kwake, kipande cha mahindi na muhogo nje ya mpaka wa mkonge, na magharibi akapika. Watoto wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake na bila kuwasikia wenzake, wametaja kwamba hakuwahi kula kabla hajahakikisha kuwa nyumba ya jirani mwenye mgonjwa moshi umefuka. Nimeuweka ushuhuda huo kama ulivyo, kwa maneno ya kila mmoja wao.

Mfunguo Nne

Huu ndio mwezi uliobadilisha mradi. Katika sanduku la bati la Bibi, chini ya kanga, Shangazi ametoa daftari la upatu ambalo wengi katika familia tulikuwa tukilisikia tu. Bibi alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake wa kambi tangu mwaka 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1980. Kila mwanachama alitoa shilingi tano siku ya mshahara, na kila mwezi mmoja wao akapokea jumla yote. Wanawake hawa walipata fedha hizo kwa kuanika singa, kuuza vitumbua na maandazi, kusuka ukili na kulima.

Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa mwandiko wa kitoto, wa duara na wenye kubonyeza sana penseli. Ni mwandiko wa Shangazi mwenyewe, aliyekuwa na miaka kumi, akimwandikia mama yake asiyejua kusoma. Bibi alitaja majina kwa kichwa, kwa mpangilio, na mtoto akaandika. Kisha, katika kurasa za mwaka 1972, mwandiko unabadilika. Herufi zinakuwa kubwa, zimesimama peke yake, zimeachana sana. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada yake kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ikaenea nchi nzima. Darasa la kambi lilikuwa chini ya mwembe, jioni, kwa taa ya chemli giza likiingia. Bibi alikuwa na miaka thelathini na zaidi, na mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya wakati wa masomo.

"Siku alipoandika jina la kwanza peke yake," Shangazi alinieleza, "alinirudishia penseli yangu akasema, 'Haya mwanangu, sasa nenda kacheze.'"

Nimenukuu daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, na kulipiga picha kwa mwanga wa mchana. Kisha nikaanza kupanga zamu za kupokea, raundi baada ya raundi, ili nione fedha zilivyozunguka. Pembeni mwa majina fulani kuna duara ndogo. Shangazi anasema duara ilimaanisha kwamba mtu huyo alipewa kabla ya zamu yake kwa sababu ya dharura: mtoto kulazwa, msiba, mume kuachishwa kazi. Duara hizo zinaongezeka sana kadiri miaka inavyokwenda, na sababu yake si fumbo. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, wakati bei ya mkonge duniani ilikuwa tayari imeporomoka kwa ajili ya kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani. Uzalishaji, uliokuwa umefika karibu tani 230,000 mwaka 1964, ulishuka hadi chini ya tani 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashamba yalijaa magugu, na watu wakaachishwa kazi. Babu, mume wa Bibi, naye alikuwa miongoni mwao.

Jambo ambalo nimelihakiki kwa uangalifu kuliko yote ni nafasi ya Bibi mwenyewe. Katika kila raundi ambayo kumbukumbu yake imekamilika, yeye ni wa mwisho kupokea. Yeyote aliyewahi kucheza upatu anajua maana yake: wa kwanza hupata mkopo usio na riba, na wa mwisho hubeba hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu mtu akishindwa kuchanga baada ya kuchukua fungu lake, pengo hilo linawaangukia wale ambao bado hawajapokea, na yule aliye mkiani hafichiki na pengo lolote. Kijumbe kwa desturi ana haki ya kujipangia nafasi nzuri, na hakuna ambaye angemlaumu. Bibi alijiweka mahali ambapo hasara ya mwenzake yeyote ingemfikia, na ilimfikia: kuna miezi ambayo jumla aliyopokea ni pungufu, ameiandika kwa herufi zake kubwa, na hakuna jina la mdaiwa lililowekwa mbele yake. Kwangu mimi ukurasa huo unasema zaidi ya hotuba zote za msibani, na nimependekeza kwamba sura ya daftari iwe ndefu kuliko zote. Majina ya wanachama tutayafunika, kwa kuwa watoto wao wanaishi kijijini pamoja nasi na madeni ya mama zao hayatuhusu.

Mfunguo Tano

Nimenukuu mazungumzo yaliyobaki na kuyahifadhi katika flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti. Hakuna jipya la kuandika.

Mfunguo Sita

Tumesoma maulidi nyumbani kwa Bibi, na baada ya pilau Shangazi alilifungua tena lile sanduku la bati mbele ya wanawake wa familia. Jambo lililotushangaza ni kwamba kanga nyingi humo ni moja moja, si doti. Mwanzoni tulidhani nyingine zimechakaa au zimeibwa. Mama mmoja mtu mzima, jirani wa tangu enzi za kambi, ndiye aliyetufumbulia: mtoto alipozaliwa kambini, Bibi alifungua doti mpya, akamfunika mtoto kwa kanga moja, na nyingine akarudi nayo. Mama huyo aliondoka mkutanoni akarudi baada ya muda na kanga iliyofifia, tukaitandika kando ya mwenzake kutoka sandukuni. Maua ni yaleyale, na maneno ni yaleyale: *Mama nipe radhi kuishi na watu kazi.* Huyo aliyefunikwa nayo sasa ni baba wa watu wazima.

Tangu hapo nimeanza kupiga picha kila kanga na kuitafutia tarehe. Zilizo na alama ya kiwanda cha Urafiki haziwezi kuwa za kabla ya mwaka 1968, kwa kuwa ndipo kiwanda hicho cha Dar es Salaam kilipoanza. Zenye maandishi ya Mali ya Abdulla ni ngumu zaidi kuzipangia mwaka, kwa kuwa nyumba hiyo ya Mombasa imekuwa ikitoa kanga tangu karne ya 19. Njia iliyo bora ni kuwatafuta wenye wenza wa kanga hizo, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa kwao ndiyo tarehe ya kanga. Imamu wa msikiti wetu amekubali kulitangaza jambo hili, na watu wameanza kuja.

Mfunguo Saba

Nimeandika rasimu ya sura ya njaa. Mvua zilishindwa mwaka 1974, mahindi ya shambani yakakauka yakiwa na urefu wa goti, na mgao wa unga ulipofika ulikuwa wa njano, kutoka Marekani, ule ambao watu waliuita unga wa yanga. Watoto waliukataa kwa rangi na harufu yake. Baba mdogo ameeleza kwa makini jinsi Bibi alivyoutengeneza: aliuchanganya na unga wa muhogo wa makopa, akausonga kwa tui jepesi pale nazi ilipopatikana, na akawatolea watoto gizani, kabla taa haijawashwa, ili wasiione rangi. Nimemwomba arudie maelezo hayo jikoni kwa vitendo, tukapima kila kitu, na kipimo chake kitaingia kitabuni.

Ni katika miaka hiyohiyo nyumba ilipojaa. Watoto ambao wazazi wao walirudi makwao baada ya kuachishwa kazi, na wengine waliofiwa, waliletwa kwa Bibi "kwa muda", wakaondoka wakiwa wamemaliza shule. Mmoja wao ni fundi seremala Muheza na mwingine ni mwalimu mstaafu, na wote wanamwita mama. Shangazi amesisitiza kwamba katika mti wa ukoo waandikwe mstari mmoja na watoto wa kuzaa, bila alama ya kuwatenga. Niliwauliza walengwa wenyewe, nao wakataka majina ya wazazi waliowazaa yaonekane pia. Kwa hiyo kila mmoja ataandikwa mara mbili, chini ya waliomzaa na chini ya Bibi, na mchoraji ametafuta njia ya kuyaonyesha yote mawili.

Katika sura hii nimeingiza pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofundishwa kwa redio. Bibi alikuwa katika kikundi kilichokaa kusikiliza kila wiki, na choo kilichochimbwa nyuma ya nyumba mwaka huo kilitokana na vipindi hivyo. Tangu wakati huo hakukubali mtoto anywe maji yasiyochemshwa, hata kuni zilipokuwa za shida, na wajukuu wote tunakumbuka ladha ya moshi katika maji ya mtungi wake.

Mfunguo Nane

Tumejadiliana kuhusu ndoa ya kwanza ya Bibi, ile fupi ya kabla ya Babu. Baadhi ya wazee waliona isitajwe, na hoja yao ni ya heshima: ni faragha yake, na hayupo kuijibia. Wengine walikumbusha kwamba Bibi mwenyewe aliwasimulia binti zake waziwazi walipofikia umri wa kuolewa, ili wajue kwamba mwanamke akidhulumiwa ana mahali pa kurudi. Nimeona hoja ya pili ina uzito, kwa kuwa ilikuwa simulizi aliyochagua kuitoa na aliitoa kwa kusudi. Tumekubaliana kwamba itaandikwa kwa kiasi kilekile alichowaambia binti zake, bila jina la mume huyo, na kwamba Shangazi ataisoma kabla ya mtu mwingine.

Mfunguo Tisa

Shangazi ameisoma. Alifuta sentensi mbili, akaongeza moja kwa mwandiko wake, ambao bado unabonyeza sana kalamu. Sentensi aliyoiongeza inasema kwamba Bibi aliporudi kwao siku ile, baba yake hakumuuliza neno, alimwandalia tu mahali pa kulala, na kwamba baadaye Bibi aliwafanyia vivyo hivyo binti zake wawili waliorudi.

Rajabu

Rasimu nzima sasa iko mikononi mwa wasomaji watatu wa familia, nayo ina sura tisa pamoja na ramani ya kambi, mti wa ukoo na picha za kanga. Babu mdogo, ambaye macho yake hayaoni vizuri, anasomewa kwa sauti na binti yake kila baada ya alasiri, na marekebisho yake yananifikia kwa simu. Jana amenisahihisha kuhusu jina la msimamizi wa korona na amesema kiu ya Handeni nimeipunguza mno. Nitairudia. Picha tatu bado hazijatambuliwa waliomo, na nimezibandika barazani ili kila mgeni apitaye azitazame. Kwa upande wa Buha, ndugu wa Kasulu wamepatikana kupitia mzee mmoja wa msikitini, na wamethibitisha jina la baba yake Bibi na la kijiji alichotoka. Wameahidi kutuma majina ya wadogo zake aliowaacha, ambayo tumeyaachia nafasi katika mti wa ukoo. Mchapaji wa Tanga ametaka kazi yote imfikie kabla ya Ramadhani ili nakala ziwe tayari Mfunguo Mosi, na michango ya gharama inakusanywa kwa utaratibu wa upatu, Shangazi akiwa kijumbe.